Chungu cha Chumvi na Samaki wa Madamu

Makala yaliyolowa, makaa ya jikoni, yana harufu yake. Si ya moshi wala ya udongo, ni kitu kilicho katikati, kama nyumba iliyoungua jana ikanyeshewa leo. Juzi niliisikia sebuleni kwa mdogo wangu Banza, kule mtaa wa Kampemba, ambako mjukuu wake ameweka tangi la kioo lenye samaki bapa, wa mviringo, wanaoitwa discus. Kijana alikuwa amepanga machujio mezani na kushindwa kuchagua: moja la kuning'iniza pembeni mwa tangi, moja la sponji la kuzamisha ndani, na moja kubwa la kuficha chini ya kabati, lenye mfuko wa makala aliyokwisha kuyaosha. Akamuuliza babu yake lipi linafaa. Banza akaninyooshea kidole.

"Uliza yaya," alisema, kwani kwetu ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake, hata kama wote wawili hawana tena meno. "Yeye njo alichagua ya kwanza."

Kisha tukatazamana sisi wawili, na kijana hakuelewa kwa nini.

Ninyi mliokuwa watoto katika mji huu wakati ule, ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, mtaelewa. Mnaikumbuka bendera yenye misalaba ya shaba. Mnakumbuka tulivyoambiwa shuleni kwamba Katanga sasa ni nchi peke yake, na jinsi baadaye hakuna aliyetuambia kitu tena, kwa sababu shule zilifungwa. Mimi zilinifungia mapema kuliko wengine. Mama alikufa alipomzaa Mujinga, mdogo wetu wa mwisho. Baba, ambaye alikuwa mpishi wa mwanamke mmoja Mbelgiji aliyefundisha piano, alishikwa na kikohozi katika mvua, na kabla mahindi hayajakauka tukamzika. Madamu, ndivyo tulivyomwita mwajiri wake, alinipa aproni ya baba. Ilinifika kwenye vifundo vya miguu. Nikaacha daftari, nikaingia jikoni, na sisi watatu tukaendelea kulala katika kile chumba cha wafanyakazi nyuma ya lupango, ua wa nyumba yake, ambapo tulikuwa tumelala siku zote.

Sebuleni kwa Madamu, kando ya piano, kulikuwa na tangi la samaki. Baba ndiye aliyekuwa akiwahudumia. Walikuja kwa ndege kutoka mbali, walikuwa mviringo kama visahani vya chai, rangi ya kahawia yenye mistari ya buluu iliyopindapinda usoni, na waliogelea polepole, kama watu wanaotoka kanisani. Walikula moyo wa ng'ombe uliokatwakatwa. Walitaka maji ya uvuguvugu, na maji safi kupita ya watu. Kwa ajili hiyo kulikuwa na kisanduku chenye makala na pamba, na mashine ndogo ya umeme iliyosukuma hewa ikinguruma mchana na usiku. Baba alisema samaki hawa ni wagumu kuwafuga kuliko watoto, kwa sababu mtoto akiumwa analia.

Siku Madamu alipokimbia, bunduki zilikuwa zikisikika upande wa uwanja wa ndege. Alijaza gari masanduku, uso wake mweupe kama unga, akielekea mpaka wa Rhodesia. Mimi nilisimama kwenye ngazi nikilia, na Mujinga mgongoni. Akashuka tena garini, akanitia ufunguo mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Weye usilie. Angalia samaki. Samaki ikiwa nzima, yote itakuwa muzuri." Gari likaondoka.

Nilikuwa na umri wa mtoto anayeamini kwamba mtu mzima akisema jambo, ameliweka mahali kama tofali. Nililichukua neno lile kama mkataba: samaki wakiwa wazima, nyumba ni yetu. Samaki wakifa, tunatolewa. Sikumwuliza mtu. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikawahesabu. Walikuwa sita.

Kesho yake alikuja Mjomba Ilunga, kaka wa mama, kwa baiskeli kutoka Kasungami. Alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, na mkewe alilima huko nje ya mji. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayekadiria mizigo.

"Mwipwa," aliniambia, "hapa hamuwezi kukaa. Banza ataenda kwa bapadri, banapokea batoto banaume. Mujinga tutamutuma Kolwezi, kwa dada ya muke wangu. Weye utakuja kwangu, utasaidia ku shamba."

"Madamu amesema tukae mpaka arudi," nilijibu. "Samaki zikiwa nzima, tunakaa."

Mjomba alicheka, lakini macho hayakucheka. "Tangu lini samaki zinapatia bantu nyumba?"

"Madamu amesema."

"Wazungu banasema mingi wakishika volani ya motokari."

Sikusogea. Nilikuwa nimesimama kati yake na mlango wa sebule, nikakaa hivyo. Banza alikuwa ameshika mkia wa aproni yangu kwa nyuma. Mjomba alitazama aproni ile muda mrefu. Alikuwa ameijua kwenye mwili mwingine.

"Basi," alisema mwisho. "Nisikilize. Madamu akirudi akute hata moja inaogelea, miye sitabagawanya. Mutabaki batatu fasi moja. Lakini yote ikikufa, kila mutoto na fasi yake, na hakuna kulia. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, mujomba."

Juma lile lile umeme ukakatika. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, na ukimya ule uliniogopesha kuliko bunduki. Ndani ya siku chache maji yalianza kuwa mazito, yenye harufu ya kitambaa kilichosahauliwa. Samaki walipanda juu, wakawa wanavuta hewa kwa midomo midogo.

Ilibidi tupate chujio lingine, lisilotaka umeme. Tulikaa chini mbele ya tangi kama baraza la wazee. Banza alitaka tutumie pampu ya baiskeli. Mjomba alipotutembelea kwa baiskeli yake, Banza aliichomoa, akasukuma hewa majini mpaka akalala chali sakafuni akihema, na samaki wote wakakimbilia kona moja. Mujinga, ambaye alikuwa bado hajui kusema herufi zote, alishauri tuwatoe nje mvua iwaoshe. Mimi nilifikiri kitambaa, kama kile alichotumia mama kuchujia munkoyo, ile pombe laini ya mahindi. Mjomba ndiye aliyetukatiza.

"Muache michezo. Nitaleta filitre ya kweli."

Alileta kitu kizuri kweli. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe kazini: kikapu cha waya mwembamba wa shaba, umesukwa karibu kama kitambaa, na chini yake bakuli la shaba lililong'aa kama jua la asubuhi. Kilikuwa cha kukaa ndani ya maji, nasi tungemwaga maji ndani yake kwa kopo, uchafu ubaki kwenye waya. Majirani waliokuwa wamebaki mtaani walikuja kukitazama. Hakuna aliyekuwa na shaka hata kidogo. Mnatujua sisi watu wa hapa. Shaba ilitujengea nyumba na reli, babu zetu walilipa mahari kwa misalaba yake, ilikuwa kwenye bendera na kwenye sarafu. Nani angefikiri kwamba inaweza kumdhuru kiumbe?

"Shaba haiozi, haina kutu nyekundu," alisema Mjomba, akijifuta jasho kwa fahari. "Weye unakula kwa kazi ya shaba. Samaki itakataa nini?"

Maji yakawa safi. Hilo ndilo lililotudanganya. Yakang'aa mpaka ungeweza kuhesabu kokoto za chini. Lakini samaki walianza kubadilika rangi. Mistari ya buluu ilififia, miili ikawa myeusi, wakasimama pembeni wamekunja mapezi, hawataki hata viluwiluwi vya mbu tulivyowavulia kwenye mifereji, kwani moyo wa ng'ombe ulikuwa hauonekani tena sokoni. Mimi niliamini kwamba wanaomboleza. Nilidhani wamesikia mizinga, wanajua kuna watu wanakufa mjini, na wamevaa nyeusi kama sisi tulivyovaa kwa baba. Nikawahurumia. Nikazima hata sauti yangu nilipopita karibu nao.

Wa kwanza alikufa mchana, mvua ikinyesha. Wa pili alimfuata. Mujinga aliwazika chini ya maua ya Madamu na kuwaimbia wimbo wa kanisani. Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa nikihesabu: wanne. Nilimwona Banza akikunja shati lake na suruali yake ya pili, akiviweka karibu na mlango.

"Unafanya nini?"

"Ninajitayarisha, yaya. Bapadri hawapendi mutu wa kuchelewa."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu mzima, na hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli.

Nilikwenda nikakaa mbele ya tangi, nikalitazama kama vile baba alivyotazama chungu jikoni, bila kuharakisha. Niliona kwamba vikonokono vidogo vilivyokuwa vikitambaa kwenye kioo vimekufa vyote, magamba matupu. Vilikuwa vimekufa kabla ya samaki. Konokono haombolezi mtu. Na yale maji, jinsi yalivyokuwa safi, yalinikumbusha kitu nisichoweza kukishika. Safi hivi nimeyaona wapi?

Nikakumbuka. Chini ya tanuru kulikuwa na kijito. Tulipokuwa wadogo tulipita hapo tukienda kumpelekea Mjomba chakula, na mimi nilitaka kuvua, kwa kuwa maji yalikuwa mazuri kama kioo, na mawe ya chini yana kijani cha kupendeza. Mama alinivuta mkono. "Hapana hapa," alisema. "Hapa hata chura haliko." Wala hakueleza zaidi, hakuna mtoto wa upande ule asiyejua kwamba kijito kile hakina chura. Tulijua, lakini tulijua kama habari ya kijito. Hakuna aliyewahi kuibeba habari hiyo na kuileta nyumbani.

Nilitumbukiza mikono yote miwili, nikalitoa lile chujio la shaba, nikaliweka nje kwenye ngazi. Lilikuwa limeanza kuota kijani kwenye viungo. Ndilo alilolikuta Mjomba alipokuja.

"Juu ya nini umetosha kazi yangu mu maji?"

"Mujomba, ile kijito ya ku tanuru. Mama alisema haina hata chura."

"Ile ni uchafu wa kazi. Hii ni shaba safi!"

"Bikonokono bimekufa, mujomba. Na samaki mbili."

"Samaki zimekufa juu ya vita!" Aliinua sauti, na Mujinga akajificha nyuma ya piano. "Weye mutoto wa jana utanifundisha shaba? Miaka yote hii inaingia mu mapafu yangu, na bado niko muzima!"

Alipomaliza neno hilo alikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, lakini sote tulikifahamu. Baba naye alikuwa amefanya kazi tanuruni kabla ya kuwa mpishi. Mjomba alijifuta mdomo, akatazama pembeni. Alichukua chujio lake, akalifunga nyuma ya baiskeli. "Zikikufa, ni mkono yako," alisema, akaenda.

Sasa nilikuwa peke yangu na maji, wala sikuwa na chujio. Ndipo nilipofikiria chungu cha mama.

Kilikuwa chini ya kitanda chetu, kimejaa nguo kuukuu. Wanawake wa kwetu kaskazini walikitumia kutengenezea chumvi: chungu cha kawaida kilichotobolewa vitundu chini. Unajaza majivu, unamwaga maji juu, yanadondoka tone kwa tone kwenye chungu cha chini, kisha unachemsha mpaka chumvi ibaki. Mama aliweka ulimi chini ya matone kupima: yakiuma, majivu ni mazuri. Mimi nilitaka kinyume chake. Niliweka kokoto chini, juu yake mchanga, juu ya mchanga makala niliyoyaponda, na juu kabisa kile kitambaa cha munkoyo. Nikayaosha makala mara nyingi kwenye ndoo za maji ya mvua, mikono ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko, na nyumba yote ikanuka ile harufu. Kila baada ya kuosha niliweka ulimi chini ya vitundu. Yaliuma. Nikaosha tena. Yaliuma kidogo. Nikaosha tena, mpaka ulimi haukusikia kitu ila ubaridi.

Tulitoa karibu maji yote ya tangi, tukarudisha ya mvua, tukalaza mbao mbili juu ya kioo, zikiachana kidogo, chungu juu yake. Mmoja anachota, mwingine anamwaga juu, yanashuka yakidondoka kwa sauti ndogo, na kila tone likiingia na hewa yake. Tulifanya kwa zamu, hata Mujinga kwa kikombe chake. Kwa joto tulizamisha chupa za maji ya moto kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makala.

Tulikuwa tukifanya hivyo magendarme, askari wa Katanga, walipoingia. Walipita mlango wa jikoni bila kubisha, wanne, matope mpaka magotini, na mkubwa wao alikuwa kijana asiye na ndevu. Nje milio ilikuwa imekaribia. Askari wa kigeni wenye kofia za buluu, adui zao, walikuwa mwisho wa barabara.

"Dirisha hii inaona muzuri," alisema mkubwa, akielekeza mtutu. "Mutoshe ile kioo. Tutaweka mashine ya risasi hapa."

Nilisimama mbele ya tangi. Sikufikiri, miguu ilijisimamia.

"Chef, ikitoka itapasuka."

"Ipasuke. Ni nini hii? Munakula?"

"Hapana, chef. Ni ya kuangalia tu."

Wote wanne walicheka, kicheko cha watu waliochoka sana. "Vita iko inje, na hawa banaangalia samaki!"

"Juu ya nini iko nyeusi?" aliuliza mmoja.

"Zinaogopa, chef," Banza alisema, kwa sauti nyembamba.

Yule mkubwa akainama, uso karibu na kioo. "Basi tuko sawasawa," alisema, polepole, na wenzake hawakucheka. Kisha akaona matone chini ya chungu. "Maji hii ni safi? Tangu jana hatukunywa. Robine zote za bomba zimekauka."

Alikinga kikombe chake cha bati, akangoja kikajaa, akanywa kwa macho yaliyofumbwa, akakinga tena na kuwapa wenzake mmoja mmoja. Tulisimama tukisikiliza matone. Alipomaliza alirudisha kikombe kiunoni, akatazama dirisha, akatazama chungu.

"Twende nyumba ya pembeni," aliwaambia wenzake. "Hapa kuko batoto."

Walitoka, mlango ukafungwa. Ndipo Mujinga akanong'ona, macho yamemtoka: "Yaya, bamekunywa mikojo ya samaki." Banza alianguka sakafuni kwa kicheko, nami nikacheka mpaka nikalia, na pale nje ukuta wa jirani ulikuwa ukipigwa risasi.

Samaki mmoja alikufa siku zilizofuata. Watatu walibaki, na asubuhi moja nikaona mstari wa buluu umerudi kwenye shavu la mmoja wao, mwembamba kama uzi. Sikumwambia mtu mpaka jioni, nikiogopa kuufuta kwa kuutaja.

Madamu alirudi milio ilipotulia, gari lake jekundu kwa vumbi la Rhodesia. Siku hiyo Mjomba alikuwa ametuletea unga, amesimama mlango wa jikoni, kofia mkononi. Nilikuwa nimevaa aproni safi. Niliwapanga wadogo zangu kando ya tangi. Madamu aliingia, akatukumbatia, akauliza kama tuko wote, kisha akapita moja kwa moja mpaka kwenye piano, akafungua kifuniko, akagusa sauti moja. Ilibidi nimwite.

"Madamu, samaki."

Aligeuka. Akasema kwa Kifaransa, kwa mshangao wa kweli: "Bado wapo hawa? Maskini mtoto. Nilidhani mlikwisha kuwala."

Nilimwambia maneno yake mwenyewe, yale ya kwenye ngazi. Hakuyakumbuka. Alisema huenda aliyasema. Siku ile mimi nilikuwa nalia, alisema, naye alikuwa na haraka. Kisha, bila ubaya wowote, alinieleza kwamba amekuja kufunga mizigo tu. Anauza nyumba, harudi tena. Tunaweza kulala mpaka mwisho wa juma, na mablanketi ni yetu.

"Amesema nini, yaya?" aliuliza Banza. Kifaransa kile nilikisikia mimi peke yangu. Ningeweza kusema chochote.

"Anauza nyumba," nilisema. "Tunatoka."

Banza alimshika Mujinga mkono. Nilimtazama Mjomba, nikingoja neno Kolwezi. Alivuka sebule na viatu vyake vya kazi, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu. Akainama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Iko tatu," alisema.

"Tatu, mujomba."

"Miye nilisema hata moja." Akanyooka. Akakiinua kile chungu kwa mikono miwili, maji meusi yakimdondokea kifuani, akachungulia vitundu vya chini. "Hii ni ya dada yangu."

"Ni ya mama."

"Basi tutaibeba. Tafuta beseni ya samaki, mwipwa. Nyumba yangu ni ndogo, mutalala batatu mukeka moja."

Madamu alitupatia beseni la kufulia. Samaki hawakuiona baridi ya mwezi wa sita. Kasungami haikuwa na umeme, na chupa za moto hazikutosha. Lakini siku ile walikuwa hai, nami nilitembea njia yote na beseni kichwani, maji yakinimwagikia shingoni, Banza nyuma yangu na mablanketi, Mujinga ameketi juu ya baiskeli, Mjomba akiisukuma, chungu kikiwa kimefungwa pale lilipokuwa lile chujio la shaba. Njia ya kutokea mjini mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza makala alisimama kuchungulia ndani ya beseni.

"Baba," alimwita Mjomba, akicheka, "na ile mboga kidogo hivi, watu wanne mutashiba?"

Mjomba hakusimamisha baiskeli. "Hii si mboga, mama," alisema. "Hii njo ilichunga batoto."